Kabla ya kulala mlimani na watoto

Vakansi ikikaribia watoto wanaanza kuuliza: "Mwaka huu tutaenda wapi?" Wengi wenu muko Kamituga, Luhwindja, Lugushwa na kambi zingine za dhahabu. Kwenu mlima ni fasi ya kazi tu: pale baba anashuka ndani ya shimo na kutoka amechafuka udongo. Ni vizuri siku moja watoto waone mlima kama kazi ya mikono ya Mungu, walale ndani ya hema, wasikie ndege wa asubui. Lakini muhesabu kwanza.

Kwetu Walungu, mtu akitaja mlima na pori kubwa, wengi wanafikiri Kahuzi-Biega. Unashuka Bukavu, unapita Miti, unapanda mpaka Tshivanga, mlango wa hifadhi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1970, ikapanuliwa 1975, na mwaka 1980 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia. Tangu 1997 iko pia katika orodha ya urithi ulio hatarini. Vita na bunduki vimepita humo, na machimbo vilevile.

Njo maana hesabu ya kwanza si hema wala sufuria. Ni kuuliza: je, njia iko salama? Muwaulize walinzi wa hifadhi na watu wanaoishi kando ya pori. Muulize mapema, na tena asubui ya safari. Wakisema hapana, basi ni hapana. Mupange hema kwenye kilima karibu na ndugu zenu. Furaha ya watoto haitapungua. Na maneno yanayofuata yanawahusu hata ninyi munaopanda kilimani kusali usiku kucha, na ninyi munaolala chini ya shitingi machimboni.

Baridi haiogopi mtu

Ziwa Kivu liko kwenye mita 1460 hivi. Kilele cha Kahuzi kiko kwenye mita 3308. Kila mita 1000 unazopanda, hewa inapoa kwa digrii 6 hivi. Kwa hiyo juu ya Kahuzi kunaweza kuwa na digrii 11 chini ya zile za kando ya ziwa. Tena kwetu usiku ni mrefu mwaka mzima: jua linashuka karibu saa 12 ya jioni na kurudi karibu saa 12 ya asubui. Mtoto aliyeondoka Bukavu na shati moja, akicheka kwenye jua, atakuwa na saa 12 za giza mbele yake.

Mtoto anapoteza joto upesi kuliko mtu mzima. Nguo yenye maji inamnyang'anya joto mara nyingi kuliko nguo kavu, na udongo wa chini unamnyonya usiku kucha. Mkubwa wa nyumba atawaza juu ya bulangeti la kujifunika, mama mwenye akili atauliza pia: "Na chini tutatandika nini?" Mumusikilize. Gunia, mikeka, godoro nyembamba, vyote vinasaidia.

Mujue alama. Mtoto anatetemeka. Halafu maneno yake hayaeleweki vizuri, vidole vinashindwa kufunga kifungo, anataka kulala tu. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, musifurahi: mwili umeishiwa nguvu. Mumvue nguo zenye maji, mumvalishe kavu, mumfunike hata kichwa, mmoja wenu amkumbatie mwili kwa mwili. Kama anaweza kumeza vizuri, mumpe chai ya moto kidogo yenye sukari. Kama hajitambui, musimtie kitu kinywani. Mumpeleke hospitali bila kungoja kupambazuke.

Mbabula ndani ya hema

Hapa njo nataka musikilize sana. Usiku wa manane, watoto wanalia kwa baridi, bulangeti ni moja kwa watu sita. Baba anaona mbabula pale inje, makala bado mekundu, hayatoi moshi. Anaiingiza ndani ya hema na kufunga mlango. Ni kwa upendo. Na kwa upendo ule jamaa nzima inaweza kukosa kuamka.

Makala yanayowaka yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu. Kukosa moshi si usalama. Gesi ile inashika damu pahali pa hewa nzuri. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, moyo unachafuka, miguu inalegea. Na aliyelala hasikii hata hayo. Wachimbaji muko mashahidi: munajua kinachowapata watu motopompi ikiwashwa ndani ya shimo. Ni gesi ileile. Ndani ya hema, ndani ya shitingi iliyofungwa, ndani ya chumba chenye dirisha lililozibwa, mbabula ni motopompi ndani ya shimo.

Muone namna makosa yanavyoshikana mikono. Aliyesahau bulangeti nyumbani njo anaingiza mbabula. Tena njo yeye anayetuma chupa ya kanyanga izunguke "kwa kupasha mwili". Kanyanga inadanganya: inaleta damu kwenye ngozi, unasikia moto, kumbe joto la ndani linatoka. Hatari ya usiku ilianzia mchana, wakati wa kufunga mizigo.

Imani na bulangeti

Wengine watasema: "Mchungaji, Mungu atatulinda." Amina. Lakini musome 2 Timotheo 4. Paulo ni mfungwa, kifo kiko karibu, imani yake haina kasoro. Na bado anamuomba Timotheo amletee joho aliloliacha Troa, na afike kabla ya majira ya baridi. Tena anataja joho mbele ya vitabu! Na katika Luka 14 Bwana Yesu anasema juu ya mtu anayeketi kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Kuhesabu si kukosa imani.

Basi, juma moja kabla ya safari, mutandike mkeka nyumbani na kuweka vitu vyote juu yake: bulangeti kwa kila mtu, nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki, shitingi, toroshi, viberiti visivyoingiwa maji, bidoni ya maji, karanga, sambaza, sukari. Mumwambie jirani munaenda wapi na siku ya kurudi. Halafu mulale usiku mmoja inje, ndani ya kiwanja chenu, bila mbabula. Asubui muwaulize watoto, kuanzia mdogo: "Ulisikia baridi?" Kama anasema ndiyo, bado hamujawa tayari. Mumuamini.