Mshauri wa Waraibu Afunzwe kwa Lugha ya Nani?

Utafiti wa kitaifa wa mamlaka ya NACADA wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba katika kila Wakenya sita wenye umri wa kati ya miaka 15 na 65, mmoja hutumia angalau aina moja ya kileo, tumbaku au dawa ya kulevya. Hao ni zaidi ya watu milioni 4.7. Pombe peke yake ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 3.2, na zaidi ya milioni 1.3 kati yao walikuwa wamekwisha kutekwa nayo.

Balaa hii imezaa taaluma. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka wa 2014 iliweka bodi ya kuwasajili wanaofanya kazi hiyo, ili asije mtu yeyote akatundika kibao mlangoni na kujiita mtaalamu. Vyuo navyo vimefungua milango kwa vijana wanaotaka kusomea ushauri wa waraibu. Wengine hufuata mtaala wa kimataifa ulioandaliwa chini ya Colombo Plan, shirika lenye makao yake Sri Lanka, ambao ngazi yake ya msingi ina kozi nane. Humo mwanafunzi hujifunza jinsi dawa zinavyoathiri ubongo, jinsi ya kumpokea na kumpima mgonjwa, na maadili ya kazi.

Haya yote ni ya kushukuriwa. Hata hivyo, liko jambo moja ambalo halijapewa uzito unaostahili, nalo ni lugha. Seremala ana randa na daktari ana sindano. Mshauri nasaha hana chombo ila ulimi wake na sikio lake. Chombo hicho hunolewa kwa Kiingereza darasani, hupimwa kwa Kiingereza katika mtihani, kisha mwenye nacho hupelekwa Kisauni, Majengo au Kawangware kumsikiliza mtu anayesimulia mateso yake kwa Kiswahili, kwa Sheng au kwa lugha ya mama yake.

Tuanze na jina analoitwa mgonjwa mwenyewe. Tangu Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, alipochapisha kitabu chake mashuhuri mwaka wa 1951, vitabu vya taaluma hii humwita anayekuja kushauriwa kwa neno la Kiingereza ambalo tafsiri yake ya kawaida ni "mteja". Rogers alikusudia heshima: huyu si mgonjwa wa kuamriwa, ni mtu mwenye hiari. Lakini katika mitaa ya Mombasa na Malindi, mtumiaji wa heroini huitwa "teja", na wengi wao huitwa "mateja". Yaelekea neno hilo limetokana na "mteja" huyo huyo, mnunuzi wa unga.

Tazameni sarufi ilivyofanya kazi. Neno limeondolewa katika ngeli ya watu, M-WA, likatupwa katika ngeli ya JI-MA, kama vile "mtu" anavyogeuzwa "jitu" na "mtoto" akawa "toto". Si kila nomino ya ngeli hiyo ni tusi, kwani wamo pia bwana na daktari. Ila neno likihamishwa kutoka M-WA kwa makusudi, aghalabu hubeba dharau. Basi mhitimu anayemkaribisha kijana wa Malindi kwa kumwita "mteja wangu" amesema sawasawa kulingana na kitabu, lakini huenda amemchoma kidonda palepale mlangoni. Kumbe angalimwita kwa jina lake, au hata "mwenzangu", wangalianza vyema.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya adabu tu, na wala si ya kufa na kupona. Nitamjibu kwa neno la pili, "arosto". Hivyo ndivyo watumiaji wa heroini wa pwani wanavyoyaita maumivu yanayompata mtu aliyekosa dawa: mifupa kuuma, kutapika, kuharisha, kukosa usingizi. Arosto si hamu. Hamu ni kule kutamani tu, na huweza kumjia mtu aliyeacha miaka mitatu iliyopita, akiwa mzima wa afya. Wa hamu anahitaji mazungumzo. Wa arosto anahitaji kwanza muuguzi. Kwa mlevi wa miaka mingi tofauti hii ni kubwa zaidi, maana kuacha pombe ghafla kunaweza kumletea degedege na hata kifo. Mshauri aliyekariri istilahi mbili za Kiingereza, asijue zinavyosemwa mtaani, anaweza kumpa nasaha mtu aliyepaswa kukimbizwa hospitali.

Chukueni pia dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima unywaji wa pombe, lenye maswali kumi. Swali moja humtaka mtu ataje idadi ya vinywaji anavyokunywa katika siku ya kawaida, kwa kipimo maalumu. Swali hili ni jepesi kwa mnywaji wa bia ya chupa. Mzee anayekunywa busaa kwa mrija kutoka chungu kimoja na wenzake atahesabu nini? Kutafsiri maneno hakutoshi. Pana haja ya kutafsiri hata kipimo, na kazi hiyo haifanywi na kamusi peke yake.

Wako wanaopinga. Hudai kwamba vyeti vya kimataifa hutolewa kwa Kiingereza, na kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hoja ya kwanza ina ukweli, na sisemi Kiingereza kifukuzwe. Mwanafunzi lazima asome utafiti wa ulimwengu. Hoja ya pili haina mashiko. Neno "uraibu" lenyewe wazee wa pwani walilitumia kwa tambuu, yaani jani, popoo, chokaa na tumbaku. Leo limepanuka likabeba dhana nzima ya kutekwa na kileo. Tulipopatwa na UKIMWI tulipata jina, kisha tukajifunza kusema "wanaoishi na virusi" badala ya majina ya kuwatenga wagonjwa. Lugha iliyoweza hayo haiwezi kushindwa na haya.

Isitoshe, Kiswahili kina hazina ambayo vitabu vya kigeni havina. Taaluma inafundisha kwamba kurudia dawa baada ya kuacha si mwisho wa matibabu. Wahenga walikwisha kusema: kuteleza si kuanguka. Walisema pia kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mtu aliyerudi kituoni kwa aibu, kichwa chini, ataielewa methali moja kuliko maelezo ya nusu saa.

Mapendekezo yangu ni matatu. Kwanza, kila stashahada ya ushauri wa waraibu iwe na somo la lugha ya ushauri, lifundishwe na wanaisimu wakishirikiana na watu waliokwisha kuacha dawa, kwani hao ndio wenye msamiati. Pili, mazoezi ya nyanjani yapimwe kwa lugha ya anayeshauriwa. Mwanafunzi asifuzu kwa kuandika ripoti nzuri ya Kiingereza juu ya mazungumzo ambayo hakuna aliyeyasikia. Tatu, idara za Kiswahili za vyuo vikuu zishirikiane na bodi ya usajili kutayarisha faharasa moja, ili mshauri wa Kwale na yule wa Kakamega wasiwe kila mmoja na istilahi zake.

Walimu nao wana hisa katika jambo hili. Tangu adhabu ya viboko ilipopigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, mzigo wa ushauri umewaangukia wao, mara nyingi juu ya vipindi vyao vya kawaida. Mwanafunzi aliyeanza kuvuta bangi hafungui moyo kwa lugha ya mtihani. Na kwa vijana wanaosomea Kiswahili huku wakiulizwa kila siku "utafanya kazi gani na lugha?", hapa pana jibu. Wakiongeza mafunzo ya ushauri juu ya shahada zao, nchi itawahitaji.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Heshima hiyo haitakuwa na maana ikiwa mtu anayetafuta msaada wa kuokoa maisha yake atalazimika kungoja mshauri wake amalize kutafsiri kichwani kabla ya kumjibu.