Panda na Ponda: Habari ya Herufi Moja Katika Damu

Maradhi mengi tunayoyajua huletwa na vijidudu, maji machafu au upungufu wa chakula. Lakini yako mengine ambayo mtu huzaliwa nayo, na asili yake ni badiliko dogo mno lililomo katika mwili wenyewe. Napenda kueleza moja, kwa kuwa tunalo hapa kwetu Afrika ya Mashariki, na kulijua kwaweza kuokoa maisha.

Kwanza yafaa tujue kimeng'enya ni kitu gani. Ni protini ifanyayo kazi ya fundi mwilini: huharakisha badiliko la kikemia, nayo yenyewe isiishe. Protini ni kama uzi wa shanga. Shanga zake huitwa amino asidi, nazo ni za namna 20. Mpango wa shanga hizo umeandikwa katika jeni tulizorithi kwa wazazi wetu, kwa herufi nne tu. Uzi ukisha kutungwa hujikunja ukapata umbo lake, na umbo hilo ndilo liwezeshalo kazi.

Kimeng'enya ninachokusudia ni glukosi-6-fosfeti dihaidrojinesi, kwa kifupi G6PD. Uzi wake una amino asidi 515. Katika chembe nyekundu za damu, hutengeneza kitu kiitwacho NADPH, ambacho huikinga chembe na sumu zitokazo katika oksijeni. Chembe nyekundu haina njia nyingine ya kukipata. Tena haina kiini, kwa hiyo haiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya. Hutumia akiba yake muda wa siku 120 hivi za maisha yake.

Sasa tazameni. Katika nchi za kando ya Bahari ya Mediterania, na vilevile Omani na Ghuba, wako watu ambao kwao shanga ya 188 imebadilika. Mahali pa serini, iliyo ndogo na yenye kupenda maji, imekaa fenilalanini, iliyo kubwa na yenye kuyakimbia. Zile nyingine 514 ni zile zile. Asili ya yote ni herufi moja ya jeni. Ni kama mtu aliyetaka kuandika "Panda mahindi" akaandika "Ponda mahindi". Kimeng'enya hicho huharibika upesi, na nguvu yake haifiki sehemu 10 katika 100.

Kwetu Afrika aina iliyoenea zaidi huitwa A-. Hiyo ina mabadiliko mawili, katika shanga ya 126 na ya 68. Lile la 126 likiwa peke yake halina madhara makubwa. Lakini likifuatana na lile la 68, ambapo valini imekuwa methionini, kimeng'enya hudhoofika.

Mwenye upungufu huu kwa kawaida ni mzima, hucheza na kusoma kama wenzake. Taabu huja akipewa dawa kama primakwini au dapsoni, au akila maharagwe ya fava, au mtoto mchanga akivishwa nguo zilizowekwa naftalini sandukuni. Baada ya siku moja mpaka tatu chembe nyekundu hupasuka kwa wingi. Macho huwa manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, na mtu huishiwa nguvu. Sababu yake ilitambuliwa Marekani mwaka 1956, Paul Carson na wenzake walipochunguza kwa nini primakwini iliwadhuru baadhi ya watu na kuwaacha wengine.

Mdogo wangu wa kiume ana upungufu huu. Alipougua, baadhi ya jamaa walimlaumu mama, ati damu yake ni mbaya. Basi na tuangalie elimu inavyosema. Jeni ya G6PD imo katika kromosomu X. Mtoto wa kiume ana X moja tu, aipatayo kwa mama. Kwa baba hupata Y. Mama ana X mbili, na mara nyingi ile nzima humtosha, hata asijue kwamba nyingine ina kasoro. Kila mtoto wa kiume amzaaye, nafasi ya kuirithi ni nusu kwa nusu. Wala mama hachagui ipi ampe mwanawe. Na huenda yeye mwenyewe aliipata kwa baba yake. Lawama itoke wapi?

Tena upungufu huu hauna ubaya mtupu. Mwaka 1960 Anthony Allison, mtaalamu aliyekulia Kenya, aliandika kwamba katika Afrika ya Mashariki umeenea zaidi penye malaria nyingi. Wataalamu wameona kwamba huwapa baadhi ya watu kinga fulani ya malaria kali, na ndiyo maana haukutoweka.

Kwa hiyo nawasihi wazazi na wanafunzi wenzangu: kipimo cha damu kipo. Aliyekwisha kupimwa akaonekana anao, na amwambie daktari kila apewapo dawa. Asiache kutibiwa malaria, maana si dawa zote zenye hatari kwake. Na mkojo ukiwa mweusi baada ya kumeza dawa, nendeni hospitali siku ile ile, msingoje kesho.

Mwanafunzi, Kidato cha VI