Je, Wajua? Pembe moja yatosha kuangusha daraja

Mchukuzi wa maji kwa mzega hahitaji somo la fizikia: ndoo moja ikiwa nzito kuliko nyingine, husogeza bega kuelekea upande mzito na mti ukatulia. Kreni haina bega. Mzigo unaoning'inia hujipinda wenyewe mpaka kitovu chake cha uzito kikae chini ya ndoano, hata kama njiani utabamiza nguzo. Ndiyo maana mafundi huutafuta uzito ulikolalia kabla ya kunyanyua, kisha hufupisha mnyororo wa upande mmoja au huongeza uzani upande mwepesi.

Kushika pembe zote nne za mzigo nako si kinga. Tarehe 11 Septemba 1916, huko Quebec, Kanada, kipande cha katikati cha daraja la Mto St. Lawrence, chenye urefu wa mita 195 na uzito wa tani 5,000 hivi, kilikuwa kikipandishwa kwa jeki za haidroliki. Kikiwa kimepanda mita chache tu juu ya maji, chuma cha kalibu kilichoegemeza pembe moja kilivunjika. Pembe moja tu! Kipande kikajisokota, kikachomoka kwenye vishikio vilivyosalia na kuzama. Watu 13 walikufa.

Kingine kiliundwa, vyuma vya kuegemeza vikabadilishwa, na Septemba 1917 kikapandishwa polepole, takriban sentimita 60 kila mvuto, kwa siku kadhaa. Kile cha kwanza hakikuopolewa. Bado kimelala chini ya mto.