Kalule, Mugabi na Kipimo cha Bingwa

Uganda haijawahi kutoa bingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa katika uzito wa juu. Heshima yake katika uzito huo ilipatikana kwenye ngumi za ridhaa: George Oywello alitwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Perth mwaka 1962, na Benson Masanda akaitwaa tena Edinburgh mwaka 1970. Kwa hiyo ubishi wa nani bondia bora zaidi, ambao kwingineko huwahusu akina Joe Louis na Muhammad Ali, Kampala huwahusu mabondia wa uzito wa kati na wa chini yake kidogo. Majina mawili hutangulia: John Mugabi na Ayub Kalule.

Mugabi ndiye anayetajwa zaidi, na sababu yake inaeleweka. Alizaliwa Kampala mwaka 1960, akapata medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 baada ya kushindwa na Andrés Aldama wa Cuba katika fainali ya uzito wa welta. Alipoingia kwenye ngumi za kulipwa alishinda mapambano 25 mfululizo, yote kabla ya kengele ya mwisho. Mashabiki wa Marekani wakamwita Mnyama.

Tarehe 10 Machi 1986, mjini Las Vegas, alipanda ulingoni kumkabili Marvin Hagler, bingwa wa dunia wa uzito wa kati. Mugabi alizoea kupigana katika uzito wa chini ya huo. Katika raundi ya sita wawili hao walirushiana makonde mazito bila yeyote kutaka kurudi nyuma, na kadiri pambano lilivyoendelea jicho la kulia la Hagler lilivimba hadi likakaribia kuziba. Pumzi ndiyo iliyomwangusha Mugabi. Raundi ya 11 alikuwa amekaa sakafuni huku mwamuzi Mills Lane akihesabu hadi kumi. Huo ulikuwa ushindi wa mwisho wa Hagler, kwani pambano lake lililofuata, Aprili 1987, alipoteza kwa Sugar Ray Leonard na hakupigana tena. Ni mabondia wachache sana waliomlazimisha Hagler kufanya kazi ngumu kiasi hicho.

Ila jina la Mugabi limejengwa na pambano aliloshindwa, na mafanikio yake ya baadaye ni madogo kuliko jina hilo. Mwishoni mwa mwaka 1986 alishindwa na Duane Thomas walipowania mkanda wa WBC wa super welta. Aliupata Julai 1989 nchini Ufaransa, lakini René Jacquot aliteguka kifundo cha mguu katika raundi ya kwanza na pambano likaishia hapo. Machi 1990 Terry Norris alimnyang'anya mkanda huo, tena katika raundi ya kwanza. Mugabi hakuutetea kwa mafanikio hata mara moja.

Kalule, aliyezaliwa mwaka 1954, ana rekodi ya namna nyingine kabisa. Mwaka 1974 pekee alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, kisha akawa bingwa wa dunia wa ridhaa mjini Havana, katika mashindano ya kwanza kabisa ya aina hiyo. Miaka miwili baadaye alianza ngumi za kulipwa akiwa na makazi Denmark. Alitanguliza mkono wa kulia, alikuwa mtulivu, na alimchosha mpinzani kwa kumsukuma raundi baada ya raundi. Oktoba 1979 alikwenda Akita, Japani, akamshinda kwa pointi Masashi Kudo, ambaye hakuwa amewahi kupoteza. Mkanda wa WBA wa super welta ukawa wake, na Uganda ikapata bingwa wake wa kwanza wa dunia katika ngumi za kulipwa.

Aliutetea mara nne, na hapa wanaompinga wana hoja ya kweli: mapambano hayo yalifanyika Denmark, mbele ya mashabiki wake, dhidi ya wapinzani wasiokuwa wakubwa. Hoja hiyo inapungua nguvu ukitazama waliomshinda. Katika mapambano 50 alipoteza manne: kwa Leonard mjini Houston, Juni 1981, raundi ya tisa; kwa Davey Moore; kwa Mike McCallum; na kwa Herol Graham. Watatu wa kwanza walivaa mikanda ya dunia, na Graham hakuwa mbali nayo. Kalule hakuwahi kupigwa na bondia wa kawaida.

Kuna ushindi mmoja ambao wabishani huusahau, nao unastahili kukumbukwa kuliko utetezi wote wa Denmark. Desemba 1985, akikaribia miaka 32 na siku zake bora zikiwa zimepita, Kalule alikwenda Ancona, Italia, kutetea mkanda wa Ulaya wa uzito wa kati dhidi ya Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekuwa akiishi huko huko Italia. Alishinda kwa pointi ugenini. Miaka miwili baadaye Kalambay alikuwa bingwa wa dunia, na mwaka 1988 akamshinda McCallum, yule yule aliyekuwa amemsimamisha Kalule. Mugabi hakuwahi kumshinda mtu wa kiwango hicho.

Cornelius Boza-Edwards, mzaliwa wa Kampala aliyelelewa Uingereza, naye yumo katika ubishi huu. Mwaka 1981 alimnyang'anya Rafael Limón mkanda wa WBC wa super feather na kuutetea dhidi ya Bobby Chacon, kabla ya kuupoteza mwaka huo huo kwa Rolando Navarrete. Pambano lake la marudiano na Chacon, mwaka 1983, lilichaguliwa na jarida la The Ring kuwa pambano la mwaka. Kassim Ouma, bingwa wa IBF mwaka 2004, anafuata nyuma yao.

Kwa Uganda, basi, nafasi ya kwanza ni ya Kalule, na pengo kati yake na wengine ni kubwa kuliko ubishi wa Kampala unavyokubali. Kwa dunia hayuko safu moja na Hagler wala Leonard. Yuko safu ya pili, ya mabingwa ambao wakubwa walilazimika kujiandaa vizuri ili kuwashinda, na Boza-Edwards anastahili kutajwa baada yake, kabla ya Mugabi.