Mmea wa Mlangoni Penye Kivuli



Mlango wa ofisi ya chama ndio uso wa chama. Mwenzetu aliyeachishwa kazi akija na barua yake mkononi, cha kwanza kukiona ni mlango huo. Tusimpokee kwa chungu chenye kijiti kikavu.

Wengi hununua bugenvilia kwa uzuri wa maua yake, wakaiweka kivulini. Maua hayaji, majani hupukutika, na fedha ya michango imekwenda bure. Bugenvilia hutaka jua kali.

Sisi twapendekeza isale, ambalo wataalamu huliita Dracaena fragrans. Asili yake ni misitu ya Afrika, chini ya miti mikubwa, hivyo kivuli hakilisumbui. Wachaga wa Kilimanjaro hulipanda mipakani mwa mashamba, na jani lake hupelekwa kuomba radhi. Je, halifai mlango wa watu wenye mashauri?

Si lazima kulinunua. Omba kipande cha shina, kichomeke udongoni. Chungu kiwe na tundu chini. Mwagilia udongo wa juu ukikauka, hasa kiangazi, Juni hadi Septemba. Maji yasituame sahanini, mbu watazaliana.

Tuangalie na jua. Bujumbura iko kusini kidogo ya ikweta: mlango unaoelekea kusini una kivuli mwezi Juni, lakini Desemba jua huuelekea. Hapo chungu kisogezwe ndani.

Mwisho, zamu ya kumwagilia iandikwe ukutani. Mali ya wote isiyo na mwangalizi hufa kwa kiu.