Uniti Kumi Ziende, Tano Zirudi

Ujerumani hupata karibu nusu tu ya jua la Kenya, lakini mapaa yake yalijaa paneli mapema kuliko ya nchi nyingi zenye joto. Kilichofanya kazi ni sheria ya mwaka 2000, iliyomhakikishia mwenye sola takriban senti 51 za yuro kwa kila uniti aliyoingiza kwenye gridi, bei isiyoguswa kwa miaka 20. Kwa ahadi ya namna hiyo, benki hazikusita kukopesha. Gharama ilibebwa na wateja wote kupitia bili zao, na manung'uniko hayakukosekana.

Kenya ilipitia dukani. Mwaka 2014 vifaa vya sola vilisamehewa kodi ya ongezeko la thamani. Katikati ya 2020 msamaha ukafutwa, katikati ya 2021 ukarudi, safari hii ukitaja paneli, vidhibiti chaji, inveta na betri, tena kwa pendekezo la Waziri wa Kawi. Kwa maoni yangu, kuyumba huku kunaumiza kuliko kodi yenyewe. Asilimia 16 mfanyabiashara ataipigia hesabu. Kodi ambayo huenda ikawapo au isiwepo meli ikitia nanga Mombasa, ataipigiaje?

Kisha zikaja kanuni za 2024. Mwenye mtambo usiozidi megawati 1 anaweza kupeleka umeme wa ziada kwenye gridi kupitia mita inayosoma kwenda na kurudi. Ila akipeleka uniti 10, anahesabiwa 5.

Hapo ndipo saa inapoingia. Paneli huzalisha kwa wingi adhuhuri, watu wako kazini na watoto shuleni. Taa, televisheni na pasi huwashwa jioni. Nyumba kama hiyo hupeleka mchana, hununua usiku, na nusu ya jasho la paneli inaishia njiani. Shule au kiwanda kinachotumia umeme mchana hakipotezi kitu, kwani uniti hutumika papo hapo kwa thamani yake yote. Si dhuluma tupu: nguzo, nyaya na transfoma za kumhudumia mteja jioni zinagharimu pesa, hata kama mchana hakununua chochote.

Basi mwenye nyumba ana njia mbili. Anunue betri, ambayo ni ghali, au ahamishe kazi: pampu ya maji iwashwe saa sita mchana, nguo zifuliwe na kupigwa pasi kabla ya saa tisa. Fundi anayeijua kazi yake, kabla hajapanda paani kupima, huuliza kwanza nyumba hiyo hutumia umeme saa ngapi.