Kijana na Kazi ya Ujenzi: Aanzie Wapi?

Kila mwaka vijana wengi wamalizapo shule huenda kwenye majengo kutafuta kazi. Hilo si jambo la aibu. Kujenga nyumba, shule na hospitali ni kazi ya heshima, na Taifa laihitaji. Lakini yupo kijana aingiaye katika kazi hii kwa kuichagua, na yupo aingiaye kwa kusukumwa na njaa tu.

Huyu wa pili huanza kwa kubeba zege, na jioni hurudi nyumbani na ujira wa siku. Mwaka wa kwanza hupita, wa tano nao hupita, naye bado amebeba ndoo ile ile. Mgongo ukimshinda, hana ujuzi wala cheti cha kumwombea kazi mahali pengine. Je, kosa ni la zege? La, hasha! Kosa ni kukifanya kibarua kuwa mwisho wa safari.

Basi kijana na achague fani mapema. Mwashi hupata kazi mjini na kijijini, ila mvua ikizidi kazi yake husimama. Fundi umeme na fundi bomba hawaachani na nyumba hata ikisha kujengwa, kwa kuwa matengenezo hayaishi. Seremala aweza kuwa na karakana yake mwenyewe. Apendaye hesabu na michoro na aelekee vyuo vya ufundi. Njia yake ni ndefu zaidi, lakini yafika kwenye usimamizi.

Akisha kuchagua, ajifunze sababu za kazi, si kuiga mikono tu. Kwa zege ya kawaida ya sehemu 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto, maji yakizidi nguvu hupungua. Yapasa kumwagiwa maji kwa muda wa siku 7 hivi, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Ajuaye hayo hawezi kunyamaza aonapo mambo yanaharibika. Na tusisahau: Machi 2013 jengo la ghorofa lilianguka katikati ya Dar es Salaam, wakafa watu zaidi ya 30, Novemba 2024 jingine likaanguka Kariakoo, wakafa zaidi ya 20. Ujuzi katika kazi hii ni uhai wa watu.

Tena pasiwe na kudharau cheti. Mamlaka ya VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994 ili kusimamia mafunzo ya ufundi. Wala mlango haukufungwa kwa yule aliyejifunzia kazini: ujuzi wake hupimwa, naye hupewa cheti akifaulu. Kibarua mwenye miaka mingi kazini asiseme kwamba wakati umempita.

Nanyi mafundi wazee, msifiche ujuzi mkiogopa kunyang'anywa kazi. Mwanafunzi aliyefundishwa vema ndiye atakayelitaja jina la mwalimu wake popote aendapo. Na wazazi nao waache kusema kwamba ufundi ni wa walioshindwa masomo, kwani nyumba wanazolala zilijengwa na mafundi.

Kijana, ndoo ishike leo bila haya. Lakini kabla mwaka haujaisha, mikono hiyo iwe imeshika pia mwiko, pimamaji na kalamu.